Daawa Dhidi ya Mbingu

Katika maswali yote ambayo mwanadamu amemwelekezea Muumba wake tangu alipojua kusema, hakuna lililo kongwe kuliko hili: ikiwa aliyetuumba ni mwema, na uweza wote ni wake, shari imeingia duniani kwa mlango gani? Swali hili wameliuliza manabii katika dhiki, wafalme katika kushindwa, akina mama kando ya makaburi madogo, na wanazuoni katika baraza zao; limeandikwa juu ya vigae vya udongo, juu ya ngozi na juu ya karatasi; na mwaka 1997, katika nchi ya Uingereza, liliulizwa tena katika santuri, kwa vinanda vya umeme na kwa sauti nyembamba ya mtu ambaye husema hadharani kwamba haamini kuwa yuko Mungu wa kumjibu. Santuri hiyo inaitwa Exile, yaani uhamisho wa mtu aliyefukuzwa kwao, na mwimbaji wake ni Gary Numan.

Huenda msomaji akastaajabu kumwona mtu anayeswali na kufunga akikaa kitako kuyasikiliza mashtaka ya mtu asiyeamini, tena yaliyovikwa mahadhi ya kutisha. Lakini kadhi anayeifunga daawa kabla ya mdai kumaliza maneno yake hakuhukumu, bali ameikimbia kazi yake. Na imani inayoogopa kuulizwa ni kama nyumba ambayo mwenyewe anaijua kuwa haina msingi, naye humkataza kila mgeni asiegemee ukuta. Nimeisikiliza Exile mwanzo hadi mwisho mara nyingi, usiku, taa ikiwa imezimwa, na kila nilipoisikiliza nilizidi kusadiki mambo mawili: kwamba hoja yake haisimami, na kwamba uchungu wake ni wa kweli, na mwenye kuishinda hoja ya mtu bila ya kuuona uchungu wake ameshinda nusu iliyo duni.

Numan alizaliwa London tarehe 8 Machi 1958, akapewa jina la Gary Webb. Baba yake alikuwa dereva wa basi. Katika ujana wake alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa Tubeway Army, bendi ya roki ya mtindo wa panki, ambao ni muziki wa vijana wenye haraka, hasira na vyombo vichache. Mwaka 1978 alikwenda na wenzake katika studio moja ya Cambridge kurekodi nyimbo zao za magitaa, na humo, pembeni, akakuta kinanda cha umeme aina ya Minimoog kilichoachwa na watu waliotangulia, kikingoja kuja kuchukuliwa. Akaomba ruhusa, akabonyeza; ikatoka sauti nene, nzito, iliyoutikisa mwili kama inavyoyatikisa masikio, na tangu saa hiyo gitaa likawa la pili. Mwenyewe amesimulia kwamba vidude vya chombo kile vilikuwa vimeachwa vilivyo na mtu asiyemjua, na kwamba lau vingeachwa vinginevyo, akasikia mlio hafifu usio na maana, pengine angekipita akaenda zake. Mwaka uliofuata wimbo wake Are 'Friends' Electric? ulikaa wiki 4 juu kabisa ya orodha ya nyimbo zilizonunuliwa sana Uingereza, na Cars ukafuata njia ile ile.

Muumini akisikia kisa hiki ulimi wake hukimbilia neno kadari. Asiyeamini husema ni bahati. Mimi sitaki kulitumia jambo dogo kumnasa mtu katika neno kubwa. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba, kabla hajawahi kutunga ubeti mmoja juu ya mbingu, maisha ya mtu huyu yalikuwa yamekwisha kusimama juu ya swali la dini: je, hiki nilichokikuta mbele yangu kimewekwa kwa ajili yangu, au kimesahauliwa tu? Na ulimwengu anaouchora katika Exile, nikiutazama vizuri, unafanana mno na chumba kile cha Cambridge: chombo kimewashwa, vidude vyake vimekwisha kupangwa na mkono usioonekana, sauti inatoka na kutikisa mifupa, na mwenyewe hayumo chumbani.

Utukufu wake wa kwanza haukudumu. Mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 23, aliyaaga maonyesho ya jukwaani katika ukumbi wa Wembley, na aliporudi aliwakuta watu wamekwisha kugeuza nyuso. Miaka ikapita akilifuata soko lililomkimbia, hata akazama katika madeni. Mnamo 1994, kwa santuri iitwayo Sacrifice, aliacha kuwafuata wanunuzi akaanza kutunga alichokiona moyoni mwake, nacho kilikuwa giza. Exile ilikuja miaka 3 baadaye, ikiwa ni albamu ya dhamira moja: nyimbo 9 zinazolizunguka wazo lile lile, kama utenzi mrefu unavyorudi kwenye kina chake, na wazo lenyewe ni kwamba Mungu na Ibilisi si wawili wanaopigana, bali ni mmoja mwenye nyuso mbili. Majina ya nyimbo kama Dominion Day, Dead Heaven na The Angel Wars yanatangaza ugomvi huo kabla hata ya sindano kugusa santuri.

Muziki wake unakwenda taratibu. Ngoma za mashine hupiga pigo zito lisilobadilika, kama moyo wa mtu anayengojea habari mbaya. Juu yake hutandazwa sauti za vinanda zilizonyoshwa hata zikawa mfano wa kwaya katika kanisa lisilo na watu. Na katikati hupita sauti ya Numan, ikinong'ona katika beti na kupanda katika kiitikio kama mtu anayeita kutoka shimoni. Wimbo mmoja, Dark, ulitiwa katika santuri ya muziki wa filamu ya Dark City ya mwaka 1998, ambayo ni hadithi ya mji usiopambazukiwa, ambamo wageni wasiojulikana huwabadilisha wakazi kumbukumbu zao usiku wakiwa wamelala; na aliyeuchagua hakukosea, kwa maana hofu ya filamu ile na hofu ya santuri hii ni moja: kwamba aliyetupanga si adui yetu wala si rafiki yetu, bali anatujaribu kwa sababu asizotueleza. Nami nalistaajabia hili zaidi ya yote, kwamba mkanushaji alipotaka kuishtaki mbingu hakupata lugha nyingine ya kuishtakia ila lugha ya ibada yenyewe: unabii, malaika, maghufira. Alivunja mlango wa hekalu kwa nguzo aliyoing'oa humo humo hekaluni.

Tuipime sasa hoja. Waliolitafakari swali la shari kwa dhati wamekwenda, kwa jumla, katika njia tatu. Ya kwanza ni ya Mani, aliyehubiri katika dola ya Uajemi karne ya 3 baada ya Isa, akisema kwamba asili za mambo ni mbili, Nuru na Giza, na ulimwengu ni uwanja wa mapambano yao. Kwa njia hii Mwema alioshwa mikono, lakini kwa gharama ya kunyang'anywa uweza, na Augustino, ambaye baadaye alikuwa askofu mashuhuri huko Afrika ya Kaskazini, aliifuata kwa muda wa miaka ipatayo 9 kabla ya kuona kwamba Mungu asiyeweza kushinda hawezi pia kutegemewa. Njia ya pili ndiyo ya Exile: uweza uachwe kwa mmoja, ila wema uondolewe. Ya tatu ni ya dini za tauhidi, zisemazo kwamba uweza na wema vyote ni vyake, na kilichopungua ni ujuzi wetu sisi tulio ndani ya kisa ambacho hatukukisoma mpaka mwisho.

Wala asidhani mtu kwamba njia hii ya tatu ni tambarare. Husimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash'ari, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alimuuliza mwalimu wake al-Jubbai juu ya ndugu watatu, mmoja aliyekufa mtu mzima akiwa mtiifu, wa pili aliyekufa mtu mzima akiwa mkanushaji, na wa tatu aliyekufa angali mtoto. Mwalimu akasema kwamba wa kwanza atapewa daraja, wa pili ataadhibiwa, na wa tatu atasalimika bila ya daraja. Mwanafunzi akauliza, mtoto akilalamika kwamba hakuachwa aishi ili naye aipate daraja hiyo, atajibiwaje? Mwalimu akasema kwamba ataambiwa, Mola wako alijua kwamba ungalikua ungaliasi, basi kukufisha mapema ilikuwa ndiyo maslaha yako. Hapo, akasema mwanafunzi, yule aliye motoni angepaza sauti na kuuliza kwa nini maslaha yake yeye hayakutazamwa vivyo hivyo, akafishwa utotoni kabla ya kuasi. Mwalimu hakuwa na jibu, na mwanafunzi akaiacha barza yake. Basi daawa ya Numan haikuzuliwa mjini London wala haikungoja umeme. Iliwahi kusikizwa na watu wa kilemba na tasbihi, nao hawakuibomolea msikiti kwa ajili yake, wala hawakumfukuza aliyeileta.

Pamoja na hayo, njia ya Exile ina ufa ambao hakuna kinanda kinachoweza kuuziba. Mtu akilalamika kwamba kadhi amedhulumu, amekiri kwa ulimi wake kwamba iko haki iliyo juu ya kadhi, ambayo kadhi alipaswa kuifuata naye akaiacha. Haki hiyo Numan ameipata wapi? Akisema ameipata katika ulimwengu huu, basi ulimwengu huu, kwa madai yake, umetoka mkononi mwa mwenye nyuso mbili, na mizani iliyofuliwa na mdanganyifu haiwezi kutumika kumfunulia udanganyifu wake. Na akisema ameipata juu ya ulimwengu, basi amesimama mbele ya Hakimu yule yule ambaye amekwisha kutangaza kwamba hayupo. Na shahidi wa jambo hili si mantiki peke yake, bali ni muziki wenyewe. Lau mtu huyu angesadiki moyoni kwamba heri na shari ni sura mbili za kitu kimoja, asingekuwa na sababu ya kuhuzunika; angetunga nyimbo baridi kama hesabu za duka. Nyimbo hizi zinalia, na hapana aliaye kwa kukikosa kitu ambacho hakupata kukijua.

Hapa ndipo mahali ambapo wengi wetu tungependa kufunga kitabu na kumhesabu mdai kuwa ameshindwa, na hapa ndipo ninapoogopa. Katika Kitabu cha Ayubu, kilichomo katika Biblia, marafiki waliokwenda kumpa pole mgonjwa walikaa naye siku saba wakiwa kimya, na huo ulikuwa uungwana. Kisha wakafumbua vinywa wakaanza kumtetea Mungu kwa hoja nzuri zilizopangika, wakimthibitishia mwenye vidonda kwamba vidonda vyake ni haki yake. Mwisho wa kisa ni wao waliokaripiwa, si yeye aliyelalamika. Na Farid ud-Din Attar wa Nishapur, mshairi wa njia ya Kisufi, amejaza katika tungo zake wenda wazimu na mafakiri wanaomnung'unikia Mungu juu ya njaa, baridi na mauti, kwa maneno ambayo mtu mwenye akili timamu asingethubutu kuyatamka msikitini. Naye Attar hawalaani, bali anawaonyesha kuwa ni watu walio karibu mno, kwa kuwa mtu hagombani na asiyekuwa wa nyumbani mwake. Sisemi kwamba Numan ni fakiri wa Attar, maana fakiri yule alijua ananung'unika kwa nani. Nasema tu kwamba manung'uniko peke yake hayatoshi kuwa ushahidi wa umbali.

Miaka 3 baada ya Exile, mwaka 2000, alitoa santuri iitwayo Pure, na ndani yake umo wimbo unaoitwa A Prayer for the Unborn, uliotokana na msiba wa nyumbani kwake, yeye na mkewe walipopoteza mimba ya mtoto waliyekuwa wakimngojea kwa hamu. Katika Exile alikuwa anashtaki kwa niaba ya wanadamu wote, na ni rahisi kidogo kushtaki kwa niaba ya wote. Hapa alikuwa anashtaki kwa jina lake, na kaburi lenyewe halikuwepo hata la kulitembelea. Basi ajabu ni kwamba wimbo huu aliuita dua. Mtu asemaye kwamba hakuna asikiaye alipofikwa na jambo ambalo halisemeki kwa mtu, alilitafutia jina akalipata katika kamusi ya wanaoamini. Msikilizaji mwenye adabu, akifika hapa, haulizi tena maswali ya Mani na al-Jubbai; hufanya kama walivyofanya wale marafiki katika zile siku zao saba njema, akakaa, akanyamaza. Katika desturi zetu mtu akifiwa hatumwendei na burhani, tunamwendea na tanga. Tunakaa mkekani pamoja naye, na ukaaji ule ndio maneno yetu.

Kisha ikapita miaka mingi, na mtu huyu, ambaye baadaye alijaaliwa mabinti watatu, akahamia Marekani na kuishi Los Angeles; na mwaka 2017 ilitoka Savage, santuri iliyofika nafasi ya 2 katika orodha ya Uingereza, nayo imetokana na riwaya aliyokuwa akiiandika kwa muda mrefu. Ulimwengu wa Savage umeunguzwa na joto ambalo wanadamu wenyewe walilisababisha, umekuwa jangwa, na mataifa ya mashariki na magharibi yamechanganyika humo hata hayatambulikani tena. Juu ya jalada hata herufi za Kilatini zimechorwa zifanane na za Kiarabu. Waliosalia wamefanya mambo ya kutisha ili waendelee kuishi, na baadhi yao wanaandamwa na kumbukumbu ya waliyoyafanya. Wanatamani msamaha, nao hakuna wa kuwasamehe. Hapo ndipo yanapookotwa mabaki ya kitabu cha kale cha dini, na dini inarudi, na kwa kurudi kwake mambo yanazidi kuharibika.

Mwenye imani asiikasirikie hadithi hii kabla ya kuipima. Haikusema kwamba dini iliteremshwa ikawa mbaya. Imesema kwamba watu wenye damu mikononi walikiokota kitabu wakatafuta ndani yake, si mwongozo, bali pa kujifichia. Na sisi watu wa mwambao tunayo mizani ya kuipimia, kwa kuwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoyatazama majumba ya Pate yaliyobomoka, ambayo zamani yalijaa taa na vicheko, akatunga Al-Inkishafi, aliugeukia moyo wake mwenyewe akauhoji. Magofu ni yale yale. Waliosimama mbele yake ndio waliotofautiana. Mmoja aliuliza, mimi je? Wengine wakauliza, tumbebeshe nani? Dini iliyoanza kwa swali la kwanza huzaa toba, na iliyoanza kwa swali la pili huzaa vichinjio, hata kama zote mbili zinasoma kitabu kimoja kwa sauti moja. Na Savage, kwa jinsi ninavyoisikia, ni mara ya kwanza kwa Numan kuwatia wanadamu katika daawa yake: mbingu ingali kimya, lakini moto safari hii hawakuuwasha malaika.

Mageuzi yalitimia tarehe 21 Mei 2021, ilipotolewa Intruder. Chanzo chake hakikuwa msiba wala falsafa. Binti yake mdogo kabisa, angali mtoto, aliandika shairi ambalo ndani yake Ardhi inasema, na baba alipolisoma akaona kwamba mtoto amemtangulia. Akaichukua sauti ile akaifanya albamu nzima: katika nyimbo zake ni Ardhi inayosema, imesalitiwa na watoto iliowanyonyesha, inawatazama wanadamu kama mwili unavyoitazama homa, na inajiuliza iwaondoe kwa njia gani. Hata ule ugonjwa uliokuwa umewafungia watu wa dunia nzima majumbani wakati huo umo ndani yake, ukiwa ni silaha iliyotoka kwa mwenye kudhulumiwa. Vinanda ni vizito kama vya Exile, giza ni lile lile, na ghadhabu ni ile ile. Kilichohama ni kizimba. Mwaka 1997 mwanadamu alisimama mdai, na mbingu ikasimama mdaiwa; mwaka 2021 mdai ni Ardhi, na aliyesimama kizimbani, kichwa chini, ni mwanadamu.

Nilipofika hapa sikuweza kuendelea kusikiliza kama mgeni, kwa sababu Numan, asiyeamini kitabu chochote, alikuwa amefika kwa miguu yake mahali ambapo sisi tumekuwa tukipasoma tangu utotoni bila ya kutetemeka. Tumefundishwa kwamba kabla mwanadamu hajawekwa kuwa khalifa, malaika waliuliza ikiwa atawekwa atakayefanya ufisadi na kumwaga damu; basi shaka ya kwanza iliyotajwa juu ya jambo hili haikuwa shaka ya mwanadamu juu ya Mola, bali ya malaika juu ya mwanadamu. Tumefundishwa kwamba amana ilionyeshwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikaiogopa na kukataa kuibeba, na mwanadamu akaitwaa. Maana yake ni kwamba ardhi hii tunayoikanyaga iliwahi kuogopa kile tulichokitwaa kwa ujahili. Na tumefundishwa kwamba iko siku ardhi itatikiswa mtikiso wake, itoe mizigo yake, na kueleza habari zake. Sura inayosema hayo ni fupi, watoto wa chuoni huihifadhi mapema, na huenda ufupi wake ndio uliotufanya tuipite mbio. Mtoto wa Kiingereza aliipa ardhi ulimi katika shairi la nyumbani, na baba yake akaisikiliza kwa makini kuliko wengi wetu tulioihifadhi.

Sisemi kwamba mtu huyu ameamini. Hakusema hivyo, na kumsingizia mtu imani si heshima kwake wala kwa imani. Nasema kwamba njia yake inatufundisha jambo juu ya swali lenyewe la shari, jambo ambalo hoja zangu za hapo juu, pamoja na usahihi wake, haziwezi kulifundisha. Nirudie kwa Ayubu. Baada ya sura nyingi za malalamiko, Mungu alimjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, na kila asomaye kwa mara ya kwanza hungoja kuelezwa sababu: kwa nini watoto walikufa, kwa nini mali iliteketea, kwa nini mwili ulioza. Hakuelezwa hata moja. Alionyeshwa ardhi: jinsi misingi yake ilivyowekwa yeye akiwa hayupo, bahari ilivyofungiwa milango, mvua inavyonyesha nyika isiyokaliwa na mtu, mbuzi wa mwituni anavyozaa pasipo mkunga, tai anavyopanda juu. Nilipokuwa kijana jibu hili lilinisumbua, nikaliona kama la mkubwa anayemnyamazisha mdogo. Sasa naliona vingine. Mtu aliyeuliza kwa nini anaumia alionyeshwa ulimwengu mpana ambao hakuumbiwa yeye peke yake, na ambao una viumbe wenye haki zao, wenye njaa zao na watoto wao. Akafundishwa kwamba swali la haki ni kubwa kuliko jeraha lake, na kwamba ndani yake yeye naye anahusika, si kama mdai tu. Mdai alipewa Ardhi kuwa ndiyo jibu lake. Na huyu mdai mwingine, wa vinanda vya umeme, aliyeipigia mbingu kelele mwaka 1997, naye kilichomfikia miaka 24 baadaye hakikuwa sababu wala maelezo. Kilikuwa ni Ardhi.

Kwa hiyo ninapoulizwa, na huulizwa mara kwa mara na vijana wenye huzuni, kwa nini Mwema ameacha shari itembee, sikimbilii tena kumtetea asiyehitaji wakili. Huwaacha waseme. Huwaambia kwamba swali lao ni la haki, kwamba waliliuliza kabla yao watu waliompenda Mungu kuliko mimi, na kwamba lina milango miwili: mmoja unafunguka juu, na mwingine unafunguka kwa muulizaji mwenyewe, na kwamba anayesimama katika mlango wa kwanza tu, awe ni mwenye kuamini au asiyeamini, atachoka kabla ya kujibiwa. Ukiuliza kwa nini mto umekauka, sharti upande mpaka kwenye chemchemi na huko njiani uhesabu mashoka, ukiwamo mkono wako. Shari ambayo hakuna mkono wa mtu ndani yake ipo, nami sidai kuimaliza kwa maneno. Mimba iliyopotea haikukatwa na shoka la mtu. Lakini juu ya hiyo, kukaa mkekani pamoja na aliyefiwa ni kazi yetu, na juu ya ile nyingine, kuweka shoka chini ni kazi yetu pia, na mtu aliyezifanya kazi hizi mbili atakuwa na haki ya kupaza sauti mbinguni kuliko asiyezifanya.

Usiku, baada ya santuri kukoma, hufikiria hivi. Mwaka 2000 baba alimtungia dua mtoto ambaye hakuzaliwa, akaielekeza mahali ambapo kwa maneno yake hapana mtu. Baadaye wakazaliwa watoto, na mdogo wao aliposhika kalamu akaandika beti chache juu ya maumivu yasiyo yake, naye baba, mtu mzima aliyekwisha kubishana na mbingu kwa robo karne, akaziweka mbele akaketi kwenye kinanda kuzifuata. Sijui hilo tuliite nini. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa dini, nina jina lake, nami nitalinyamazia, kama ninavyopenda mgeni aliyetembea safari ndefu apumzike kwanza kabla ya kuulizwa ametoka wapi.